Halua Ataibeba Bibie

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku ishakubaliwa. Mjukuu wangu Radhiya anaolewa Ijumaa hii baada ya laasiri, msikiti wetu huu huu wa Mkunazini. Bwana harusi Ayoub, kijana wa Jozani, kazi yake kuwaonesha wageni kima punju msituni. Nshamwambia Radhiya: unaniacha mie mume wako tangu u mtoto, unakwenda kwa mchunga kima. Akanambia, babu, kima angalau hawajisifu.

Baba yake alikuwa mwanangu Kheir, Mungu amrehemu. Kwa hivyo walii ni mie. Bila ya mie hakuna wa kumuoza, hakuna ndoa. Nimewakumbusha nyumba nzima, na jirani, na muuza kahawa, naye nikamrudilia asije akasahau.

Ndoa hii ishaahirishwa tayari, pale baba yake Ayoub alipolazwa. Watu wao wa shamba wamesema wazi: mara hii ikiharibika, hawaji tena. Radhiya alikuwa anachambua mchele, akauchambua tena uleule.

Limebaki la halua. Ndoa ikishafungwa watu hukaa pale pale wakala halua, wakanywa kahawa. Ikikosekana, utasemwa mpaka wajukuu wako wapate wajukuu. Halua inapikwa na Khatib kule Jang'ombe. Nani ataileta? Kabla sijafungua mdomo, Jecha keshafungua wake.

Jecha ni mjomba wake Ayoub, na kwa mkosi wangu ni jirani yetu pia. Zamani akisukuma gari la mkono Darajani, mtu wa heshima. Sasa kanunua kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, anakiendesha mpaka dukani kununua kiberiti. Akasema, shikamoo mzee Kificho, halua niachie mie, natia nyuma ya gari, hujamaliza kufunga kilemba ishafika.

N'kamjibu mbele ya baraza nzima: marahaba. Halua ataibeba Bibie.

Bibie ni baskeli yangu. Sanduku la mbao mbele, keria ya chuma nyuma, breki za kukisia. Nshabeba friji juu yake, Malindi mpaka Fumba, na juu ya friji mbuzi, na mbuzi kashika mwavuli. Asiyeamini akamuulize mbuzi.

N'kaongeza: na mie mwenyewe siku hiyo siingii garini, wallahi. Watu wote walisikia. Hapo tena. Bibie hajui kurudi nyuma, na mie vivyo hivyo.

Haya nnayaandika ukubwani. Skuli sikuiona ila kwa nje, nikipeleka madawati. Radhiya ndo alonifunza herufi, na kitabu hiki kanipa yeye. Nakiweka ndani ya sanduku la Bibie chini ya turubali, mke wangu Bi Mwatum asikione. Yeye mwenyewe yumo humu.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimepata hila. Nzuri mpaka nilicheka peke yangu chooni, Bi Mwatum akauliza kama nnaumwa.

Hila yenyewe: kuwaonesha watu kama kirikuu cha Jecha hakifiki hata mlangoni kwangu. Mitaa hii ilijengwa kwa watu na punda. Basi n'kamwambia Jecha kwa upole, bwana we, gari yako nzuri, pengine ije mpaka hapa barazani tuione, au inaogopa? Jecha hapo hapo akaitia moto.

Iliingia vizuri. Ikapita kwa mshona kofia. Ikapita kwa Bi Mardhiya muuza sabuni, akaondoa kuku wake. Ilipofika kwangu ikakwama katikati ya baraza mbili za mawe. Tuli. Haiendi mbele wala nyuma, milango haifunguki. Jecha yumo ndani kama biskuti ndani ya paketi.

N'kamuuliza kupitia dirishani kama angependa kahawa. Akasema angependa. Nikamlisha na kashata, taratibu. Mtaa mzima ulikuja kutazama.

Ndo Bi Mwatum akatoka kutaka makaa ya kupikia, watu wa harusi washaanza kujaa ndani. N'kasema nnakwenda sasa hivi na Bibie. Kumbe Bibie yuko ukumbini ndani, na mlango wetu ushazibwa na gari. Hatoki. Mie n'lipita juu ya boneti. Makaa nikayaleta kichwani, gunia zima, kwa miguu, umri huu. Jecha akanisalimia tena nilivyokuwa napita. Shikamoo mzee, naona leo Bibie kapumzika.

Kumtoa ikabidi watoe upepo kwenye matairi yote, gari ishuke, wanaume waisukume kinyumenyume. Kule nje ikatakiwa pampu. Pampu ni yangu tu mtaa mzima. N'kawapa kwa sauti, kila mtu asikie nani kampa nani. Jecha akajaza mpaka jasho likamtiririka, akashukuru, akaondoka.

Nimeshinda. Gari haiingii mjini. Hilo limekwisha.

Pampu kaondoka nayo.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeshindwa, na sikuwepo. Asubuhi nilikwenda Darajani na Bibie kuchukua nazi za harusi, nikasema ni mazoezi pia. Kurudi, pale kwenye kona ya mteremko, breki zikakataa kuzungumza na mie. Nazi zilisambaa mpaka kwenye duka la vyombo. Moja iliingia ndani ya msikiti, imamu akairudisha mwenyewe, akanambia mzee, Ijumaa tutakuwa na watu wengi hapa, tafadhali.

Nilipofika nyumbani hukumu ishatoka. Bi Mwatum na Jecha wamekaa, wamekubaliana, wameshakunywa na chai juu yake. Halua ataileta Jecha kwa gari mpaka barabara kubwa, na kutoka hapo itabebwa kwa mikono. Mie kazi yangu: kuvaa kanzu, kuvaa joho, kufika msikitini kabla ya laasiri kukimiwa, kukaa. Bi Mwatum kasema, wewe si hamali siku hiyo, wewe ni walii, hebu kaa kama walii. N'kamuuliza kwani walii hana miguu. Akasema anayo, ndo tabu yenyewe.

Radhiya alinijia ukumbini nilipokuwa napaka Bibie mafuta. Kashapakwa hina, mikono kainyanyua juu isiguse kitu. Akasema, babu, mie halua sijali. Hata wasile. Nakutaka wewe tu uwepo. Baba hayupo, basi uwepo wewe.

N'kamwambia, mke wangu, ntakuwepo, usiwe na shaka.

Na halua ntakuja nayo. Hilo sikumwambia, asije akalia hina ikaharibika.

Alkhamisi, 10 Oktoba

Nimekwenda Jang'ombe kwa Khatib. Khatib anapika halua tangu enzi za babake, mkono mmoja mnene kuliko mwengine kwa kusonga. Nilimkuta na mwiko wake mrefu kama kasia, jasho lamwagika, harufu ya iliki mpaka njia ya pili. N'kamwambia Khatib, nisikilize kwa masikio yote. Kesho halua ya Radhiya usimpe mtu ila mie. Akija mtu wa gari, mwambie bado iko motoni.

Akasema, lakini Bi Mwatum kapiga simu, kasema atakuja Jecha. N'kamuuliza: walii wa bibi harusi nani? Akasema wewe. Basi, n'kamwambia, walii keshasema.

Akakubali, lakini akasema haitoki motoni mpaka baada ya sala ya Ijumaa. N'kahisabu. Sala ya Ijumaa, kisha Jang'ombe, kisha Darajani, kisha nyumbani, joho, msikitini. Kwa Bibie hiyo ni safari ya kukohoa tu. Mie nshawahi kutoka Kizimbani na gunia la karafuu, nikamuacha nyuma mtu wa pikipiki, akanisimamisha kuniuliza natia mafuta gani.

Tairi la nyuma nimelibonyeza, limelegea kidogo. Ningelijaza, pampu haipo. Kumuomba Jecha pampu yangu mwenyewe siku moja kabla ya kumshinda? Aibu hiyo siwezi. Litafika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nnaandika haya nimekaa kwenye benchi la fundi Wakil, fundi baskeli, upande wa nyuma wa soko la Darajani. Moyo wangu mweupe kabisa. Wacha nieleze kwa mpango.

Baada ya sala ya Ijumaa nikatoka kimya kimya. Nimevaa kanzu ya harusi kabisa, nimeikunja mpaka magotini. Khatib kanipa vikapu vya halua bado moto, nikavipanga ndani ya sanduku. Simu nimeitia kwenye kikapu cha juu, chini ya kitambaa, kwa sababu kanzu hii haina mfuko wa maana, na Bi Mwatum alikuwa anapiga kila saa.

Kutoka Jang'ombe nikapita watu kama wamesimama. Magari kweli yamesimama, Ijumaa hii, foleni mpaka haionekani mwisho. Nikapita katikati, kengele juu, nikawapungia mkono. Mmoja wao Jecha. Kakaa ndani ya kirikuu chake, anatoka kwa Khatib mikono mitupu, uso kama kameza ndimu. N'kapunguza mwendo, nimsalimie vizuri.

Hapo ndo tairi la nyuma likapasuka.

Sikuanguka. Waliosema nimeanguka hawakusimama pahala pazuri. Nilishuka upande.

Jecha akatoa kichwa nje. Akasema, mzee, kwa ajili ya Mungu, ingia garini, na halua tia, foleni inasogea. N'kamuuliza pampu yangu iko wapi. Akasema imo nyumbani kwake. N'kamwambia, pampu haina faida sasa, nimeuliza tu uione hali. Akasema ingia. N'kamwambia nimekula kiapo mbele ya watu.

Halafu nikapata hila, nzuri kuliko zote. N'kamwambia halua chukua wewe, mie siingii. Akatazama saa, akatazama foleni, akatazama mie. Honi nyuma zinalia. Akapakia vikapu mbio mbio, akasema, basi usikawie, tafadhali, mzee, usikawie. Foleni ikafunguka, akaenda.

Mmeona? Nimemfanya Jecha hamali wangu. Halua ni yangu, nimeitoa mie kwa Khatib, nimeivusha mie sehemu ngumu. Yeye kamalizia tu.

Nikamkokota Bibie mpaka kwa Wakil. Kasema tyubu imeliwa kisawasawa, itatakiwa viraka, na gurudumu litoke. N'kasema toa, mie sina haraka, kazi ya leo ishafanyika. Nikamsimulia ile ya mbuzi na mwavuli. Kisha ya Kizimbani. Adhana ya laasiri ikatukuta hapo hapo, tukasali msikiti wa jirani na soko, tukarudi. Gurudumu nimelishika mie mapajani, Wakil anapiga msasa kwenye tyubu. Kijua kizuri, upepo mzuri. Sasa hivi kule halua ishafika, kahawa inamiminwa.

Simu nimekumbuka imo kwenye kikapu. Haidhuru. Anayenitaka anajua nilipo.

Wakil kanyanyua kichwa. Kaniuliza, mzee Kificho, si leo ndo ndoa ya mjukuu wako? N'kamwambia ndiyo, na halua ishakwenda. Kauliza saa ngapi. N'kamwambia baada ya laasiri. Kasema laasiri si tushasali. N'kamwambia naam. Kauliza, na walii nani? N'kamwambia kwani hujui, walii ni

Jumamosi, 12 Oktoba

Jana niliacha katikati. Nilikuwa na shughuli.

Nilikimbia. Gurudumu bado nimelishika mkononi, sikumbuki kwa nini. Kanzu nimeikamata kwa meno. Sokoni watu walinipisha wakidhani nimemuibia Wakil, na mmoja alianza kunifukuza. Miguu hii ilokuwa ikiwaacha pikipiki nyuma jana ilikataa. Pale kwenye wauza pweza kifua kikafunga, nikashika ukuta. Nikaona mikono ya Radhiya, ile hina, ameinyanyua isiguse kitu. Neno lake lilikuwa moja tu lile: uwepo.

Nikasikia kelele za shaba.

Jecha. Juu ya baskeli. Gari kaliacha barabarani mlango wazi, kachukua baskeli ya muuza kahawa na dele la kahawa bado limening'inia linagonga kila pahala. Kanzu imempanda, kofia hana, hajapanda baskeli tangu hajaoa. Hakusema shikamoo. Alisema, panda.

N'kamuuliza wapi. Akasema nyuma, kwenye keria. N'kamwambia mie sijapata kuwa mzigo maisha yangu. Akasema, mzee Kificho, shekhe ana ndoa nyengine, keshavaa kiatu kimoja. Wakwe zako wamesimama wima. Tunakupigia simu, inalia ndani ya halua. Panda.

Nikapanda. Nimekumbatia gurudumu huku, Jecha nimemshika kiuno huku. Kwenda tulikwenda kama chura mlevi. Mie nikawa kengele, napiga kelele njia, njia, mzigo wa moto. Kwenye kona ya nazi n'kamwambia kata kulia, akakata kulia, sawasawa kama Bibie. Mteremko wa msikitini breki hazikuwepo. Jecha alisimamisha kwa makubadhi yake mapya, yalinuka mpira ulioungua, na miguu yake nadhani pia.

Tukaingia ndani. Shekhe kweli kiatu kimoja. Ayoub kakaa juu ya mkeka peke yake, kijana wa watu, midomo imemkauka. Wazee wa shamba wako mlangoni na fimbo zao. Baba yake, yule aliyelazwa, alinitazama akatazama gurudumu.

Nikakaa mbele ya Ayoub. Shekhe akatushikanisha mikono. Akanambia sema. Pumzi haikuja. Akanambia tena, pole pole mzee. N'kasema, nimekuoza mjukuu wangu Radhiya binti Kheir. Nilipofika kwenye Kheir sauti ikaniacha. Si kwa sababu ya mbio. Watu wakangoja. Nikamalizia. Ayoub akasema nimekubali, kwa haraka, asije mtu akapotea tena.

Tulipoachiana mikono, yake nyeusi tii kwa mafuta ya mnyororo. Akajifuta kwenye joho jeupe la kuazima. Ndo halua ikatembezwa, na kikapu kimoja kikalia. Alikuwa Bi Mwatum. Akapokea shekhe, akamwambia, tushamaliza Bi Mwatum, kafika.

Nilikwenda kwa Radhiya na zile nguo zangu chafu. Alilia, hina ilikuwa ishakauka hata hivyo. Akanambia, babu, ulikuwa wapi. N'kamwambia nilikuwa njiani. Akanipangusa uso kwa upande wa kanga yake, akasema, najua, mume wangu, wewe daima uko njiani.

Leo barazani wote wanayo hadithi, na wanaisimulia kombo. Nimeisahihisha. Mtu wa gari, n'kawaambia, wakati ndoa inaharibika alifanya nini? Alipanda gari? Alipanda baskeli. Kwa hiari yake. Mie ndo nilompanga mpaka akafika pale. Jecha alikuwepo, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Akasema kweli kabisa, mzee, na ule mzigo haujapata kunitoka mgongoni.

Kanirudishia pampu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Fungate imekwisha. Leo Radhiya anahamia kwa mumewe, kule karibu na Jozani. Vyombo vyake vinapelekwa. Jecha alileta kirikuu mpaka barabara kubwa na asubuhi, akasema mzee, tupakie vyote na wewe kaa mbele na mimi. N'kamwambia marahaba, pakia godoro. Kabati atalibeba Bibie.

Bi Mwatum aliingia ndani. Radhiya alinishika mkono, akanambia, babu, nguo zangu zote zimo mle, na watu wa shamba wananipokea baada ya adhuhuri, nivae nini ukikawia. N'kamwambia mie nikawie?

Nnaandika haya nimo ndani ya kabati, pembeni ya njia, kupita Tunguu kidogo. Mvua ya vuli imeanza leo leo. Kabati zuri sana, halivuji, nguo za Radhiya zanukia asumini. Adhuhuri nimeisikia kitambo.

Jecha kapita na gari, kasimama, kapiga honi mpaka nikafungua mlango. Bi harusi kakaa mbele kajifunika, ananitazama tu. Jecha akasema, ingia, mzee, na kabati tutalifunga juu. N'kamshukuru. N'kamwambia nimeshakula kiapo asubuhi, mbele ya baraza.

Nimempa achukue simu tu isilowe, na ile pampu, ilikuwa inaniongezea uzito.

Tairi la nyuma naliona limelala kidogo. Litakuwa limechoka na mvua.